Gari Lililokunywa Oili Yake

Asubuhi ya kwanza nilipovuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ikatoka kavu, nilidhani nimekosea. Niliifuta kwa kitambaa, nikaichomeka tena, nikaivuta. Kavu. Kwenye ncha palikuwa na tone moja jeusi kama wino, basi. Siku nne kabla nilikuwa nimejaza oili mwenyewe mpaka alama ya juu. Nikalala kifudifudi uani nikatazama chini ya injini. Udongo ulikuwa mweupe na mkavu, hauna hata doa.

Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimeendesha malori ya chama cha ushirika kwa miaka sita, na malori yale yote yalivuja. Lakini yalivuja mahali unapopaona. Ukiegesha jioni unaweka kopo chini, asubuhi unachukua kopo lako. Oili iliyopotea uliweza kuionyesha kwa kidole. Hii ilikuwa imeondoka bila kuacha alama ya ilikokwenda.

Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa miaka ile. Chama, ambacho tangu baba yangu akiwa kijana kilikuwa mnunuzi pekee, kiliishiwa nguvu huku tunakitazama. Malori yaliegeshwa nyuma ya ghala, majani yakaota katikati ya magurudumu, nasi madereva tukaambiwa twende nyumbani tusubiri kuitwa. Hatukuitwa. Walikuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja na gari lililokwisha kutumika Japani. Magari hayo yalikuwa mepesi na yenye mbio, na ndani yalinukia kama duka jipya. Gari nililopewa mimi lilikuwa na karatasi iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele, yenye maandishi mekundu ya Kijapani. Hakuna mtu Bariadi aliyeweza kutuambia yanasema nini.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja mjane, wa miaka kama hamsini. Alikuwa karani wa chama kwa muda mrefu, na kutoka Kasoli mpaka Zagayu hakuna mkulima aliyemwona asimjue kwa jina la ukoo. Mumewe alifariki mwaka mmoja kabla soko halijafunguliwa. Watoto wake walikuwa wakubwa, wako Mwanza. Alipoamua kununua pamba mwenyewe watu wengi walimcheka, kisha wakampelekea pamba yao, kwa sababu walijua mizani yake haidanganyi.

Siku aliyoniita kazini aliniuliza jambo moja tu.

"Gari lenye turbo umewahi kuendesha, baba?"

Aliniita baba, kama mama wa Kisukuma anavyomwita mwanawe.

"Nimewahi, mama," nikasema.

Sikuwahi. Sikujua hata turbo ikoje. Lakini mke wangu alikuwa mjamzito, na nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane nikilima matuta ya baba kama mtoto.

Mtu aliyelileta gari kutoka Mwanza alinizungusha mara mbili mjini, akanikabidhi ufunguo. Kabla hajapanda basi la kurudi alisema, "Sikiliza. Likitoka mbio usilizime papo hapo. Liache lingurume taratibu dakika mbili tatu, turbo ipoe. Umenielewa?"

Nikaitikia. Moyoni niliona ni madaha ya watu wa mjini. Mwezi mzima sikufanya hata mara moja. Nilikuwa na mtindo wangu: naingia kituo cha kununulia pamba kwa kasi, nakata kona, nazima injini kabla vumbi halijatua, naruka chini na ufunguo unazunguka kwenye kidole. Wasichana waliokuja na pamba walitazama. Nilipenda watazame.

Basi asubuhi ile ya dipstiki kavu nilifanya nini? Nilikwenda stoo, nikachota oili kwenye pipa, nikajaza. Ufunguo wa stoo mama alikuwa amenipa mimi. Yeye alikuwa kanisani, misa ya asubuhi, na aliporudi alikuta nafuta vioo.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka, baba. Gari zima?"

"Zima, mama."

Wiki ile nilijaza mara mbili. Wiki iliyofuata, mara nne. Nilizoea kuchota yeye akiwa misani. Nilificha kopo chini ya magunia matupu, na nikaanza kutembea na kopo jingine lililojaa, limefungwa kwa nailoni, nyuma ya kiti changu. Tukisimama njiani yeye akashuka kusalimia watu, mimi nilifungua boneti nikajifanya natazama maji.

Kisha ukaja moshi. Mwanzoni ulitoka asubuhi tu, wa rangi ya bluu, mwembamba. Baadaye ulikuwa mweupe na mzito, na ulinukia kama ufuta unaoungua sufuriani. Jumapili moja nililiwasha gari mapema kabla watu hawajatoka kanisani, moshi ukaingia kwa madirisha, kwaya ikakatika katikati ya wimbo kwa kikohozi. Watu walicheka. Mama naye alicheka, akiwa ameziba pua kwa kanga. Lakini tulipokwisha kuondoka alinigeukia.

"Huu moshi wa nini, baba?"

"Dizeli chafu, mama. Ile tuliyojaza Maswa."

Akaamini. Alikuwa mtu wa kuamini, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mwongo.

Wiki ile ile tulikwenda Maswa, alikuwa na shughuli kwenye ofisi za wilaya. Nilimshusha, nikaenda Nyalikungu, pale pale mjini, kumtafuta fundi mmoja niliyeelekezwa, mzee aliyetunza injini za dizeli kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kilipofungwa. Alikuwa anafanyia kazi uani kwake, chini ya paa la mabua ya mtama. Hakuuliza mengi. Alifungua boneti, akachukua bisibisi, akalegeza mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, akauvuta. Oili ikatiririka kutoka ndani ya mpira ikamwagika viatuni mwake.

"Hapa panatakiwa pawe na hewa tu," akasema.

Akanionyesha tundu ulikotoka ule mpira. Ndani palikuwa na kitu kama feni, ndogo kuliko kiganja cha mtu mzima.

"Shika katikati. Itikise."

Nikaishika. Ilicheza, juu na chini, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Hiyo ndiyo turbo yako," fundi akasema. "Moshi unaotoka kwenye injini ndio unaoizungusha, na inazunguka kwa kasi usiyoweza kuifikiria. Inaelea kwenye oili. Ukizima injini ghafla ikiwa ya moto, ile oili inaungulia humo humo, inakuwa mkaa, inakula shingo yake. Sasa kizuizi cha oili kimeisha. Oili inapita humu inaingia kwenye injini pamoja na hewa, na injini inaiunguza. Ndiyo sababu huoni kitu chini." Akanitazama. "Huwa unalizimaje?"

Niliuficha ufunguo mfukoni. Akaendelea kunitazama, kisha akageuka akafuta mikono.

"Mwenye gari ni nani?"

Nikamtajia.

"Mama wa watu. Mwambie leo. Gari lisitembee mpaka turbo ifunguliwe. Na usijaze oili kupita alama, unasikia? Ukijaza kupita alama unaliongezea kinywaji."

"Likiendelea kutembea itakuwaje?"

"Injini ya dizeli haina ubaguzi. Ukiipa dizeli inaunguza, ukiipa oili inaunguza. Siku ikipata oili ya kutosha kwa njia hii, haitahitaji dizeli yako wala ufunguo wako. Utazima, haitazima. Kasi itapanda, itapanda."

"Na itasimamaje?"

"Ikimaliza kinywaji. Au ikivunjika."

Aliurudisha mpira mahali pake, akaukaza. Alinitoza kitu kidogo sana, kana kwamba hakutaka kuwa na sehemu katika jambo lile.

Njiani kurudi Bariadi nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele anamenya karanga na kunipa nusu, kama kawaida yake. Kabla sijafungua mdomo alianza kusema kwamba wanunuzi wengine pale Kasoli wana magari mawili mawili, na zimebaki wiki tatu msimu uishe, na kwamba akimaliza wiki hizo salama atasimama vizuri.

"Mama," nikasema, "nilipita kwa fundi. Ameona linakula oili."

"Sana?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, mama. Ya kawaida kwa magari haya."

"Litafika mwisho wa msimu?"

Nilitazama barabara. Mbele yetu palikuwa na kundi la ng'ombe linavuka, nikapunguza mwendo, nikapata muda wa kufikiri, na baada ya kufikiri nikasema, "Litafika."

Wiki zile sikula vizuri. Mke wangu aliniuliza naumwa nini, nikasema vumbi la pamba. Sasa nilianza kufuata yale niliyoambiwa siku ya kwanza. Kila nikisimama niliacha injini ingurume taratibu kabla ya kuzima, nikihesabu kimoyomoyo. Lakini ilikuwa kama kumpa maji mtu aliyekwisha kuzama. Siku moja pale Kasoli nilizima ufunguo, injini ikaendelea. Pumzi moja, mbili, tatu, ndipo ikanyamaza. Nilibaki nimeshika usukani. Mama alikuwa ameshashuka, hakuona.

Na nilifanya kosa ambalo mpaka leo nashindwa kulieleza. Niliogopa zaidi injini kukauka nikiwa njiani, kuliko nilivyoogopa maneno ya fundi. Kwa hiyo nilianza kujaza kupita alama, kidole kimoja, kisha viwili. Nilijiambia: ikila, angalau itabaki nayo.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, saa nane mchana. Tulikwenda Zagayu, kwenye kituo chetu: banda la mabati lililojaa pamba mpaka darini, na nje marundo mengine juu ya maturubai, meupe mpaka macho yanauma. Mikokoteni ya maksai ilikuwa imepanga foleni kusubiri mizani. Nililiingiza gari kwenye kivuli cha banda, pua ikielekea kwenye pamba, hatua mbili hivi kutoka kwenye rundo la mwisho. Sikuzima. Niliacha lipumue.

Mama alifungua mlango akateremsha mguu mmoja, akawa anawasalimia wanawake waliokaa juu ya magunia. "Mwadila, mayu. Mwadila." Wakamwitikia. Hapo nikasikia sauti ya injini inapanda.

Mama akageuka. "Unakanyaga nini, baba?"

"Sikanyagi, mama."

Miguu yangu yote miwili ilikuwa chini. Niliitazama, kwa sababu mimi mwenyewe sikuamini. Injini ikapanda tena, kama mtu anayevuta pumzi bila kuitoa. Nikazima ufunguo. Ikapanda. Nikauchomoa kabisa, nikawa nimeushika mkononi, mbele ya macho ya mama, na injini inapanda.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Mama, shuka!"

Akashuka. Sidhani nimewahi kusikia sauti kama ile, kabla wala baadaye. Haikuwa tena mngurumo, ilikuwa kilio kimoja kirefu. Gari zima lilitetemeka mpaka vioo vikalia. Nyuma ulitoka moshi mweupe, mzito kama ukuta, upepo ukaurudisha juu yetu, na kwa muda mfupi sikuona banda, sikuona watu. Nilisikia wanakimbia. Nilisikia mtu anaita jina la mtoto. Joto lilikuwa linapenya chini ya boneti, rangi ya boneti ikaanza kutoa malengelenge, na manyoya ya pamba yaliyokuwa yanaelea hewani yalikuwa yanatua pale pale juu yake na kubadilika rangi.

Niliona jambo moja tu: pamba ya vijiji vitatu, hatua mbili kutoka kwenye moto. Nikakanyaga klachi, nikaingiza gia ya nyuma kwa nguvu, meno yakasaga, nikaachia.

Gari likaruka kinyumenyume ndani ya moshi wake. Sikuona kitu nyuma, na nilijua huko nyuma kuna watu. Nilikwenda hivyo hivyo, kipofu, kwa muda ambao haukuzidi pumzi mbili, na gari likagonga kitu. Kitu hicho hakikuwa kigumu. Wakati huo huo kitu kikapasuka ndani ya injini, kwa mlio kama wa jiwe kwenye bati, na kilio kikakatika.

Palikuwa kimya. Oili ilikuwa inadondoka chini, hatimaye, mbele ya macho ya wote. Mimi nilikaa nimeshika usukani na sikuthubutu kugeuza shingo. Niliuliza, "Nani?" Nikauliza tena. Ndipo nikasikia maksai analia, na namwomba Mungu anisamehe, lakini nilifurahi.

Alikuwa maksai mwekundu, wa kulia katika jozi yake. Miguu ya nyuma yote miwili ilikuwa imevunjika. Mwenyewe, mkulima mrefu wa makamo, alisimama kichwani pake ameshika pembe, anasema naye taratibu kwa Kisukuma. Mwenzake, maksai mweusi, alikuwa bado amefungwa nira ile ile, anavuta kwenda kando, hawezi kwenda. Walimchinja pale pale.

Mama alinijia. Kanga yake ilikuwa nyeusi kwa masizi. Watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja kutoka kwenye moshi, wakatuzunguka.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nilizitazama zile nyuso.

"Sikujua, mama," nikasema. "Limeanza lenyewe. Nimechomoa ufunguo, watu wameona. Limejiendesha lenyewe."

Maneno hayo niliyatamka kwa sauti, kila mtu alisikia. Na kabla ya jua la siku ya pili yalikuwa yamefika mahali ambapo nisingeweza kuyarudisha.

Kwanza nilisikia sokoni Bariadi, kwa muuza dagaa. Alikuwa anamwambia mteja kwamba gari la yule mjane lilinguruma bila dereva. Kufika jioni lilikuwa limenguruma bila dereva na bila ufunguo, na waliokuwa karibu walimwona mtu kwenye usukani, mwanamume, amevaa koti. Kesho yake yule mwanamume alikuwa na jina. Alikuwa marehemu mume wa mama. Yeye ndiye aliyekuwa amekanyaga mafuta. Na kwa nini marehemu awe anaendesha gari la mkewe? Watu walipeana majibu bila shida: hakupita muda tangu afe, mkewe akaanza kupata mali. Alimtoa kafara ili apate gari, na sasa marehemu amekuja kudai.

Nisikilizeni vizuri hapa. Upande wetu, miaka ile, maneno ya namna hiyo hayakuwa ya kupitishia muda. Wanawake wenye umri kama wake, wajane hasa, walikuwa wanafuatwa majumbani kwao kwa maneno madogo kuliko hayo. Kila mmoja wetu alijua nyumba moja ambayo mlango wake haukufunguliwa tena. Mama huyu macho yake yalikuwa mekundu kila msimu kwa vumbi la pamba, kama macho yetu sote tuliofanya kazi ile. Sasa nilisikia watu wanayataja macho yake, kwamba ni ya mchawi.

Siku ya nne nilikwenda kwake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilibisha, akachungulia kwanza, kisha akanifungulia. Hakuwa amekwenda misa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, moto haujawashwa. Kuku walikuwa wanalia njaa.

"Karibu, baba," akasema. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuingia tangu juzi. Jirani ameita watoto wake wasicheze uani kwangu."

Nilipiga magoti. Nikamwambia. Nilianza na siku ile ya kwanza, kwamba sikuwahi kuendesha turbo. Nikamweleza nilivyolizima gari kwa maringo, oili niliyochota akiwa kanisani, kopo nyuma ya kiti, dizeli chafu ya Maswa. Nikamweleza maneno ya fundi yote, neno kwa neno, na kwamba niliambiwa nisijaze kupita alama, nikajaza. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikainua macho.

Alikuwa analia, bila sauti.

"Kwa hiyo si yeye," akasema.

Sikuelewa.

"Mume wangu. Si yeye." Alijifuta kwa upindo wa kanga. "Tangu juzi namwomba msamaha na sijui nimemkosea nini. Nimekaa hapa najiuliza labda nilimsahau haraka. Labda niliuza mbuzi wake mapema. Hata mimi, baba. Hata mimi nilianza kuamini."

Nilitamani anipige. Aliinuka, akaenda kuwamwagia kuku mtama, akarudi akasimama mbele yangu, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.

"Uliniona nakupa karanga mkononi, ukaniambia kidogo."

"Ndiyo, mama."

"Toka kwangu. Uende Zagayu. Uliyasema mbele ya watu, ukayaondoe mbele ya watu."

Nilikwenda kwanza Nyalikungu. Nilimkuta fundi chini ya tela la trekta. Nilimweleza, akasikiliza akiwa bado amelala, kisha akatoka, akanawa. Hakunilaumu. Tulipita mahali gari lilipokuwa limekokotwa, akaifungua turbo, akaitia kwenye gunia pamoja na ule mpira, tukapanda lori la mtama mpaka Zagayu.

Mwenyekiti wa kijiji aliita watu. Walikuja wengi kuliko nilivyotaka. Yule mwenye maksai alikaa mbele, juu ya nira yake. Nilisema kwa Kisukuma, kwa sababu kwa Kiswahili ningeweza kujificha. Nilisema nilijua. Nilisema mama hakujua, nilimdanganya. Nilipomaliza, mzee mmoja nyuma alisema, "Huyu amelipwa aseme hivyo," na wengine wakaguna kukubali.

Fundi akasimama. Hakuhutubia. Aliutoa mpira kwenye gunia, akaukamua kama mtu anayekamua nguo, oili ikadondoka mchangani. Akaipitisha turbo mkono kwa mkono, kila mmoja akaitikisa ile feni. Kisha akamwomba mwanamke mmoja taa yake ya koroboi. Ikaletwa. Akaiwasha pale pale juani, akaiinua.

"Hii ina ufunguo?" akauliza.

"Haina," wakajibu.

"Nani anaiendesha?"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akacheka.

"Mafuta yapo, hewa ipo, inawaka," fundi akasema. "Mpaka mafuta yaishe. Gari lile lilikuwa koroboi tu, kubwa, na huyu kijana ndiye aliyekuwa analijaza."

Hawakuamini wote. Niliona wazee wawili wanaondoka wanatikisa vichwa. Lakini wengi walikuwa wanacheka, na wananicheka mimi, na sijawahi kupenda kuchekwa kama siku ile.

Mwenye maksai alinisubiri watu walipotawanyika.

"Yule mama hakujua?"

"Hakujua, baba."

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu."

Akaitikia polepole, kama mtu aliyepokea habari ya msiba wa mbali. "Basi maksai wangu ni juu yako. Si juu yake."

Nilikwenda kwa baba yangu. Sitaeleza yaliyosemwa kule. Nilitoka na maksai mmoja, mdogo kidogo kuliko yule aliyekufa, nikamswaga kwa miguu siku mbili mpaka Zagayu, na misimu miwili iliyofuata nilimlimia baba mashamba yake bila kunung'unika. Baada ya hapo nilikwenda Nyalikungu kuomba kufundishwa kazi, na fundi alinichukua. Kitu cha kwanza alichonikataza ni kumwambia mwenye gari neno "kidogo".

Mama hakununua pamba tena. Gari lilibaki pale lilipokokotwa mpaka mtu wa Shinyanga akaja kulinunua kwa ajili ya bodi. Maneno yalipungua, hayakuisha. Watu walimsalimia, lakini kutoka mbali, hakuna aliyekubali kula wala kunywa kwake, na watoto wa jirani hawakurudi kucheza pale uani. Binti yake alikuja kutoka Mwanza akamwambia wafungashe.

Siku ya kuondoka nilikwenda kusaidia kupakia. Aliniruhusu. Hakuniita baba tena, aliniita kwa jina langu, na lilisikika geni kinywani mwake. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisa walikuja kumuaga, wakasimama barabarani, kando ya uzio wa minyaa, wakapunga mikono. Hakuna aliyevuka.

Kisha akaja mwanamke kwa baiskeli, vumbi mpaka magotini, na jogoo amefungwa nyuma. Alikuwa mke wa yule mwenye maksai, ametoka Zagayu alfajiri. Aliwapita wale wengine bila kugeuka, akaegesha baiskeli kwenye ukuta, akaingia uani. Mama alitoa kigoda, akamimina chai iliyokuwa imebaki kwenye chupa. Wale wa barabarani wakaacha kupunga, wote wakitazama kikombe.

Yule mwanamke alikunywa chai yote. Akapangusa mdomo, akanyoosha kikombe aongezewe.